Jina Lako Halimo Kwenye Orodha za Maana za Majina? Namna ya Kutafuta Asili na Maana Yake Ukiwa Nairobi

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto andika NENO, kulia andika SABABU. Kutafuta asili ya jina ni kujaza pande zote mbili, na wengi hukosea kwa kujaza ule wa kushoto kisha wakafunga kazi.

Tazama jina Awiti. Upande wa neno ni mwepesi: kwa Kijaluo, wito ni kutupa. Binti akiishia hapo ataondoka na jeraha, akiamini kwamba mamake hakumtaka. Upande wa sababu unasema kinyume kabisa. Owiti na Awiti ni majina ya mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufariki, akaitwa wa kutupwa ili kifo kimpite kikidhani hana thamani kwa mtu. Ojwang' na Ajwang', yanayotokana na kuachwa au kupuuzwa, yako njia hiyo hiyo. Wakamba wana Mbiti, yaani fisi, kwa hofu ile ile. Wakikuyu waliigeukia hofu hiyo kwa upande wa matumaini: Kariuki ni aliyefufuka, Njoki ni aliyerudi. Kwa hiyo jina likionekana baya, usilionee aibu kabla hujauliza ni watoto wangapi walizikwa kabla yako. Mara nyingi ndilo jina lililopewa kwa upendo mwingi kuliko yote ya boma lile.

Watu kwanza, karatasi baadaye

Faili za serikali zitakuwepo mwaka ujao. Shosho wa miaka 88 huenda asiwepo. Anza naye, hata kama nauli ya kwenda mashambani inauma. Simu inafaa kwa kupanga safari tu. Mazungumzo yenyewe yanataka mkae pamoja, kwa sababu nusu ya habari hutoka mtu akishakunywa chai na kusahau kwamba anahojiwa. Usiende mikono mitupu: sukari kilo 2, majani ya chai na unga vinatosha. Mweleze mapema kwamba unataka kurekodi sauti kwa simu, na akikataa, weka simu mfukoni uandike kwa mkono.

Swali la kwanza lisiwe "jina langu lina maana gani?" Mzee akiulizwa hivyo hutafuta jibu zuri la kukupa. Vibaya zaidi ni swali lenye jibu ndani yake, kama "si kweli linamaanisha shujaa?" Kwa adabu atakubali, na hapo utakuwa umejidanganya mwenyewe. Uliza vitu vilivyotokea. Jina hili lilikuwa la nani kabla yangu? Nani alilitamka mara ya kwanza? Nilizaliwa wapi, nyumbani au njiani, na ilikuwa saa ngapi? Mvua ilikuwa inanyesha? Nani alikuwa amefariki mwaka ule, na ni mgeni gani alikuwa amelala kwetu? Kama ningezaliwa wa jinsia nyingine, ningeitwaje?

Hilo la mwisho ni la thamani kuliko linavyosikika. Jibu lake hukupa jina pacha, na majina mawili yakiwekwa sambamba, mzizi hujitokeza wenyewe.

Kisha mwombe aliite jina lako kwa sauti, kama anavyomwita mtoto aliye ng'ambo ya mto. Rekodi hapo. Mtu akiita kwa mbali hunyoosha irabu zilizo ndefu, na kiimbo cha lugha hutoka wazi. Kwa Kijaluo, kech ni njaa na kech ni chungu. Herufi ni zile zile, ila masikio ya mwenye lugha hayachanganyi. Jina lililoandikwa kwenye kitambulisho halitakwambia ni kech gani. Sauti ya dani, yaani nyanya, itakwambia.

Waulize watu wasiopungua 3, na wawili wawe wa pande tofauti, wa baba na wa mama. Wakipishana usichague hadithi tamu. Andika zote mbili na jina la aliyesema.

Kwa Wakikuyu kuna jambo la kuzingatia kabla ya yote. Mwana wa kwanza huitwa kwa babu wa upande wa baba, wa pili kwa babu wa upande wa mama. Mabinti hufuata vivyo hivyo kwa nyanya zao, kisha zamu huwajia ndugu za wazazi. Kwa hiyo sababu ya wewe kuitwa hivyo ni mtu, na sababu ya mtu huyo ni mtu mwingine. Nyokabi ana Ukabi ndani yake, yaani Umaasai, lakini huyo mwenye uhusiano na Wamaasai anaweza kuwa vizazi vinne au vitano nyuma. Panda ngazi jina kwa jina hadi mahali kumbukumbu inapokatika, na uandike ilipokatikia. Usimpe Nyokabi wa leo damu ya Kimaasai kwa sababu ya jina pekee.

Livue jina viambishi

Ukirudi mjini, kaa na jina lenyewe. Karibu kila lugha yetu huanza jina kwa kipande kinachoonyesha jinsia au uhusiano, na kamusi haina kipande hicho. Wakalenjin wana Kip- na Chep- au Che-: Kiprotich na Cherotich huzaliwa ng'ombe wakirejea nyumbani, Kiplagat na Chelagat giza likianza kuingia. Wajaluo wana O- na A-: Ochieng' na Achieng' wa jua, Okoth na Akoth wa mvua, Oyoo na Ayoo wa njiani. Wabukusu wana Wa- au We- kwa wavulana na Na- au Ne- kwa wasichana: Wafula na Nafula wa mvua, Wekesa na Nekesa wa mavuno, Wanjala na Nanjala wa njaa. Kwa Waswahili kuna Mwana-, kama Mwanajuma na Mwanaidi, na kuna Cha- ya Chausiku.

Kilichobaki baada ya kuvua ndicho unachokitafuta. Chukua Gathoni. Ondoa ga-, unabaki na thoni, haya. Sasa weka Muthoni kando yake: mzizi ni ule ule, na muthoni kwa Kikuyu ni mkwe, mtu ambaye mbele yake unaona haya na kushika heshima. Majina mawili ambayo watu huyatafsiri kwa maneno yasiyohusiana ni mtu na nduguye.

Ila kiambishi kinadanganya pia. Si kila O- ni ya Mjaluo. Onyancha ni la Wakisii, na ndani yake mna enyancha, ziwa. Mtu akilichambua kwa Kijaluo atahangaika mwezi mzima. Thibitisha kabila na kijiji cha aliyelibeba jina kwanza, ndipo uchague kamusi. Kumbuka pia kwamba kamusi nyingi za lugha za Kibantu hupanga vitenzi kwa mzizi, kwa hiyo usitafute neno zima.

Sauti zilizopotea ofisini

Hapa ndipo majina adimu mengi hukwama, nasi tunaomba utenge muda wa kutosha. Jina huandikwa na karani kwa herufi alizo nazo, si kwa herufi lugha inazozihitaji. Kikuyu na Kikamba zina irabu saba. Ĩ na ũ huingia kwenye kitambulisho zikiwa i na u za kawaida, na neno hugeuka lingine. Kikuyu huandika c pale ambapo sikio la Mswahili husikia karibu na sh, ndiyo maana Wangeci, Wangechi na Wangeshi wanaweza kuwa mtu mmoja kwenye rejista tatu. Kikatishio cha ng' hupotea kabisa, na Ng'endo akawa Ngendo. Unapotafuta kwenye kumbukumbu zozote, andaa orodha ya tahajia zote unazoweza kuzifikiria, 8 au 10, uzipitie moja moja.

Kwa majina ya Kisomali, ya Eastleigh kwa mfano, kumbuka kwamba Kisomali kilipata maandishi rasmi ya Kilatini mwaka 1972, na ndani yake c na x zina sauti za Kiarabu. Aisha ni Caasha, Hassan ni Xasan. Msichana anayeitwa Ubah Nairobi hatajipata kwenye kamusi ya Kisomali mpaka aandike ubax, ua.

Majina yaliyotoka Kiarabu yamepitia kinywa cha Mswahili, na herufi zilizokuwa mbali zimekuwa moja. Hamisi, Hamadi na Hidaya yote yanaanza kwa h kwetu, lakini kwa Kiarabu ni herufi tatu tofauti: ya kwanza ni kha ya Alhamisi, ya pili ni ha ya kusifu, ya tatu ni ha nyepesi ya uongofu. Tiba yake ni rahisi. Mwombe maalim wa madrasa aliandike jina kwa herufi za Kiarabu, umuulize ni herufi zipi tatu zilizo mzizi wa neno. Akiwa na shaka kati ya herufi mbili, aandike zote mbili, usimlazimishe achague.

Lakini usihukumu kila herufi ya ajabu kuwa kosa la karani. Wangari Maathai, baada ya talaka, alitakiwa na aliyekuwa mumewe aache jina Mathai. Hakuliacha, aliongeza a. Anayelisahihisha jina lile akidhani ni makosa ya chapa anafuta habari ya maisha ya mtu. Kabla ya kurekebisha tahajia, uliza kama kuna aliyeibadilisha kwa makusudi.

Jina likigoma kabisa

Umeuliza, umevua, umerudisha sauti, na bado neno halipo katika lugha ya nyumbani. Basi shuku dhana yako ya lugha yenyewe. Mfano ulio wazi ni Lupita Nyong'o. Ukilitafuta Lupita katika Kijaluo hutalipata. Alizaliwa Mexico mwaka 1983 wazazi wake wakiwa huko, na Lupita ni kifupisho cha mapenzi cha Guadalupe, jina ambalo watu wa Mexico huwapa mabinti kwa heshima ya Bikira Maria. Guadalupe ni mahali nchini Uhispania, na mwanzo wa neno hilo ni wadi ya Kiarabu, bonde la mto, lililobaki huko tangu enzi za Waislamu. Sehemu ya pili wataalamu wanabishania. Neno, basi, limetoka mbali sana. Sababu ni ya Kijaluo tupu: mtoto huitwa kwa mazingira aliyozaliwa. Ukijaza karatasi yako kwa jina hilo, kushoto kutakuwa Kihispania na Kiarabu, kulia kutakuwa Ujaluo, na hakuna upande unaoushinda mwingine.

Kwa hiyo uliza wazazi walikuwa wakisoma au kufanya kazi wapi, daktari au mkunga aliitwa nani, jirani alikuwa nani, redio ilikuwa ikisema nini. Watoto wengi wa Nairobi wana jina la muuguzi ambaye familia haikumwona tena.

Majina ya dini

Perpetua, Polycarp, Scholastica, Kezia. Haya huonekana adimu lakini ndiyo rahisi kuliko yote, mradi ujue kalenda. Wakatoliki wengi wa zamani walimpa mtoto jina la mtakatifu wa siku ile. Linganisha siku ya kuzaliwa au ya ubatizo na kalenda ya watakatifu, ila kalenda ya Roma ilirekebishwa mwaka 1969 na siku kadhaa zikahama. Polycarp, ambalo kwa Kigiriki ni mwenye matunda mengi, sasa ni tarehe 23 Februari. Zamani ilikuwa 26 Januari. Perpetua, shahidi aliyeuawa Carthage mwaka 203, sasa ni 7 Machi. Zamani 6 Machi. Mtu aliyezaliwa 1958 lazima apimwe kwa kalenda ya kale. Anayetumia ya leo ataona tarehe haziendani na kudhani jina lilitoka hewani.

Kezia yupo katika Ayubu 42:14, binti wa pili wa Ayubu baada ya mateso, na neno lenyewe ni kasia, gome lenye harufu nzuri. Kwa majina ya Biblia, soma mstari wenyewe pamoja na unaoutangulia. Mara nyingi mzazi aliipenda hadithi kuliko neno. Na jihadhari na majina yanayofanana. Baraka tunayomwita mtoto wetu ni neno la Kiarabu, neema itokayo kwa Mungu. Baraka mwana wa Abinoamu katika Waamuzi 4 ni neno jingine la Kiebrania, umeme wa radi. Kwa Kiswahili yameandikwa sawa. Huwezi kujua ni lipi mpaka umuulize aliyetoa jina kama alikuwa akishukuru au alikuwa akisoma kitabu cha Waamuzi.

Kwa Waislamu, siku huanza jua likitua. Aliyezaliwa Alhamisi saa tatu usiku amezaliwa usiku wa Ijumaa, kwa hiyo Juma au Mwanajuma ni sahihi hata kama cheti cha kuzaliwa kinaonyesha Alhamisi. Majina ya miezi, Rajabu, Shaabani na Ramadhani, yapime kwa mwaka wa Hijria, ambao ni mfupi kwa takribani siku 11. Ramadhani ya mwaka 1970 iliangukia Novemba; ya 2024 ilianza Machi.

Tukio si tarehe

Wayua wa Ukambani amezaliwa wakati wa njaa, lakini njaa ipi? Wakamba wamezipa njaa zao majina, na hilo ni msaada mkubwa kwako. Muulize susu, yaani nyanya, jina la njaa, si mwaka. Akisema Ngomanisye, uko kati ya 1898 na 1900, maana yake jina limerithiwa. Akisema Nikw'a Ngwete, yaani nakufa huku nimeshika pesa mkononi, uko 1984, wakati pesa zilikuwepo na chakula cha kununua hakikuwepo.

Jina la tukio lisikufanye ubuni tarehe. Ungedhani kila Uhuru alizaliwa Desemba 1963. Uhuru Kenyatta alizaliwa Oktoba 1961, miaka miwili kabla ya bendera kupanda, miezi michache baada ya babake kuachiliwa kutoka kizuizini. Jina laweza kuwa la tumaini kabla ya kuwa la kumbukumbu.

Karatasi za Nairobi

Ukishakuwa na mwaka, mahali na tahajia, ndipo ofisi zinakufaa. Cheti cha kuzaliwa hakisemi maana ya jina, lakini kinaonyesha lilivyoandikwa mara ya kwanza na nani aliyepeleka habari. Tafuta pia ile karatasi ya hospitali au ya chifu iliyotangulia cheti. Mara nyingi imo kwenye mkoba wa mama na tahajia yake ni tofauti.

Rejista za ubatizo ni tajiri zaidi: wazazi, msimamizi, tarehe mbili, na pembeni kipaimara na ndoa zilizoongezwa baadaye. Parokia ya St Austin's, ambayo misheni yake ilianza 1899, ni kati ya kongwe hapa mjini. Usiende Jumapili. Nenda ofisini siku ya kazi, ukiwa na kitambulisho, mwaka usiopishana zaidi ya miaka 2, na majina ya wazazi. Ukienda na "miaka ya sitini hivi" utarudishwa, na kwa haki, kwa sababu karani hawezi kufungua vitabu kumi.

Jumba la Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue si mahali pa kutafuta jina lako. Ni mahali pa kuthibitisha tukio: ripoti za kila mwaka za wilaya zinaeleza njaa, nzige, magonjwa na mafuriko, na ukiwa na jina la wilaya pamoja na mwaka utaona kama hadithi ya mzee inashikana. Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka tangu 1899, huchapisha matangazo ya watu waliobadilisha majina kwa hati, la zamani na jipya pamoja. Kwa jina lililokatika ghafla kwenye ukoo, hapo ndipo pa kuangalia.

Intaneti iwe ya mwisho. Orodha za majina ya watoto hunakiliana, na neno "Kiswahili" limebandikwa juu ya majina yasiyo yetu. Nala huandikwa kuwa zawadi kwa Kiswahili. Fungua kamusi yoyote, hutaipata kwa maana hiyo. Zuri ni mzizi wetu kweli, lakini kwa mtu husemwa mzuri, na ni wazazi wa Marekani walioufanya jina. Kipimo ni hiki: ukurasa usiotaja lugha, mzizi na mahali jina linapotumika, usiuandike kwenye karatasi yako.

Kuandika ulichopata

Kwa kila jina andika tahajia ya cheti, tahajia ya lugha yenyewe pamoja na alama zake, jina pacha, mzizi na maana yake, aliyelibeba kabla, tukio, na nani alikwambia lini. Mbele ya kila jambo weka moja ya alama tatu: nimesikia kwa aliyekuwepo, nimesikia kwa aliyesimuliwa, nimekisia. Faili ya sauti usiiache na jina la namba lililowekwa na simu. Ipe jina la msemaji, kijiji na tarehe, kisha itume kwa ndugu wawili ili isipotee simu ikiibwa kwenye matatu. Na kama kazi hii imekuonyesha kwamba jina la mtoto mchanga limeandikwa vibaya, fika kwa msajili wa vizazi mapema: sheria ya usajili, Sura ya 149, inawapa wazazi miaka 2 tangu kusajiliwa kubadilisha jina la mtoto kwenye rejista. Muda huo ukipita, njia inayobaki ni hati ya kubadilisha jina na tangazo kwenye Gazeti Rasmi.